Asumini iliyooza na karafuu iliyounguza: kutia harufu ya asili katika mafuta ya kujipaka

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninatengeneza mafuta mazito ya kujipaka hapa nyumbani Tanga kwa mafuta ya nazi, siagi ya shea na nta, nami sipendi kutumia manukato ya dukani. Mara ya kwanza nilitwanga maua mabichi ya asumini nikayaloweka katika mafuta ya nazi. Baada ya wiki mbili yakafanya ukungu juu na kutoa harufu ya uchachu. Mara ya pili nilitia kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya karafuu katika kila kopo la gramu 200. Yalinukia vizuri sana, lakini mteja mmoja aliwashwa shingoni mpaka ngozi ikawa nyekundu. Sasa nafikiria kutumia maganda ya ndimu au marashi ya waridi. Nifanye nini ili harufu ikae na ngozi ya mtu isidhurike?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Makosa yako mawili hayafanani hata kidogo, na ni vema tuyatenganishe: la asumini ni kosa la maji, na la karafuu ni kosa la kipimo. Ukiyaelewa hayo, utajua mwenyewe la kufanya na ndimu na marashi.

Ua bichi la asumini kwa sehemu kubwa ni maji. Ulipolitwanga ulipasua chembe zake, maji yakatoka pamoja na utomvu na vimelea vyote vilivyokuwa juu ya petali, yakazama chini ya mafuta yako. Hapo ulikuwa umewaandalia kuvu chakula, unyevu na joto la Tanga. Ile harufu ya uchachu nayo ina asili yake: maji na kuvu huyavunja mafuta ya nazi na kuachia asidi zake, hasa asidi ya lauriki, ambayo ndiyo huyapa mafuta yaliyochacha ule mnuko unaofanana na wa sabuni. Mafuta hayo hayatengenezeki tena, hata ukiyachemsha. Yamwage. Na kama nazi yenyewe unaipika nyumbani kwa kuchemsha tui, hakikisha unaendelea kuipika mpaka itulie kabisa na mashapo yawe ya kahawia, kwa sababu mafuta yanayoendelea kutoa sauti ya kuchachatika jikoni bado yana maji ndani yake.

Wengi huambiwa kwamba dawa ya tatizo hili ni kukausha maua kwanza. Kwa mchaichai, karafuu, mdalasini na hata petali za waridi ushauri huo ni sahihi. Kwa asumini si sahihi, kwa kuwa ua hilo likikauka hubaki jani tu. Harufu imekwisha kwenda zake. Asumini haivumilii hata mvuke, na ndiyo maana mafuta yake halisi hayakenekwi, yaani hayatolewi kwa mvuke, kama ya mchaichai bali huvutwa kwa viyeyusho viwandani. Lakini ina sifa moja ambayo bibi zetu waliijua kwa vitendo kila walipofunga vikuba, vile vishada vya maua, vya jioni: likichumwa likiwa tumba, ua huendelea kufunguka na kutoa harufu usiku kucha. Kazi yako, basi, ni kuliweka karibu na kitu kinachopenda kunyonya harufu, uliache lipumue, kisha uliondoe kabla halijaoza.

Wafaransa wa mji wa Grasse walifanya hivyo kwa kupanga maua juu ya vioo vilivyopakwa mafuta ya nguruwe na ya ng'ombe, wakiyabadilisha kila siku mpaka mafuta yashibe. Kwetu njia hiyo ina tatizo la hali ya hewa. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 au 25 za selsiasi, kwa hiyo hapo Tanga kwa muda mwingi wa mwaka huwa ya kumiminika, na siagi ya shea, hasa ile laini ya kutoka Uganda, nayo hulegea mchana. Maua yatazama badala ya kukaa juu. Kwa sababu hiyo mimi hupendelea njia ya Wahindi wanaotengeneza mafuta ya chameli, yaani ya asumini, ambayo haihitaji mafuta magumu hata kidogo: wao huipa harufu mbegu ya ufuta kwanza, kisha ndipo huikamua.

Nunua kilo moja ya ufuta mweupe; ule wa Lindi na Mtwara unapatikana karibu kila soko kubwa. Uoshe, uuanike mpaka ukauke kabisa, maana ukiwa na unyevu tutarudi kwenye kuvu. Chuma matumba ya asumini alasiri, yale yaliyokwisha kuwa meupe na kuvimba lakini bado hayajafunguka. Tandaza ufuta kwenye sinia pana kwa unene wa nusu kidole, tandaza matumba juu yake, kisha ufuta tena, matumba tena, na umalizie kwa ufuta. Funika kwa kitambaa cha melimeli na si kwa kifuniko cha plastiki, ili unyevu wa maua upate njia ya kutoka. Asubuhi utayakuta maua yamefunguka yakiwa ndani ya mbegu, yamelegea na kuanza kupata rangi ya kahawia kingoni. Pepeta kwa chekecheo, tupa maua, acha ufuta upumzike kivulini mchana kutwa, na jioni uanze upya na maua mapya. Usiku wa kwanza hutasikia tofauti kubwa, usivunjike moyo. Kuanzia usiku wa tano au wa sita, ukisugua mbegu chache kiganjani, utaisikia asumini ikitangulia harufu ya ufuta. Mimi huenda mpaka mara kumi.

Baada ya hapo peleka ukakamuliwe bila kukaangwa. Tafadhali muombe mwenye mashine apitishe kwanza kiasi kidogo cha ufuta wa kawaida, kwa sababu mashine iliyotoka kukamua karanga au alizeti itakuharibia kazi ya siku kumi kwa dakika moja. Kilo moja itakupa kiasi cha mililita 300 hadi 400. Yaache mafuta yatulie siku mbili tatu kwenye chupa ya kioo, kisha mimina yaliyo safi juu na uache mashapo. Faida nyingine ni kwamba ufuta una vizuia uchachu vyake vya asili, kwa hiyo mafuta yake hukaa muda mrefu kuliko mengine mengi ya mbegu. Langilangi unaweza kulifanyia vivyo hivyo, ila lenyewe huchumwa alfajiri, na uchukue yale maua yaliyokwisha kuwa manjano, si ya kijani.

Sasa tuje kwenye karafuu. Kijiko cha chai ni mililita 5, na kwa kuwa mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, uliweka takribani gramu 5.2 katika gramu 200, yaani kama asilimia 2.6. Kiasi kinachokubalika kwa kitu kinachobaki kwenye ngozi ni nusu ya asilimia. Ulizidisha mara tano. Kinachounguza ni kemikali iitwayo yujenoli, ambayo huchukua sehemu kubwa ya mafuta hayo, kuanzia asilimia 70 na kupita 80, yawe yametokana na karafuu zenyewe, majani au makonyo. Ni kemikali ile ile inayotia ganzi jino linalouma. Kuwa imetoka kwenye mti wa Pemba badala ya maabara hakuipunguzii nguvu, na neno «asilia» kwenye lebo yako halimlindi mteja.

Kwa hiyo achana na vijiko, na achana na matone pia, kwa kuwa tone la mafuta mepesi ya chungwa na tone la pachuli nzito hayalingani uzito. Nunua mizani ndogo ya masonara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Hiyo ndiyo gharama ya kwanza ninayomshauri kila anayeanza, kabla hata ya makopo mazuri. Kwa mafuta ya mwili, jumla ya mafuta yote ya harufu isizidi asilimia 1; ya usoni isizidi nusu yake; na ya mtoto mchanga yaache bila harufu. Ndani ya jumla hiyo kila mafuta yana mpaka wake: mchaichai usipite asilimia 0.7, langilangi 0.8, majani ya mdalasini 0.6. Mafuta ya gome la mdalasini yana mpaka mdogo mno, chini ya sehemu moja ya kumi ya asilimia, na kwa ushauri wangu usiyaguse kabisa.

Huenda ukasema: basi nitaloweka karafuu kavu badala ya kununua mafuta yake, hiyo ni salama. Si lazima iwe hivyo, nawe fanya hesabu kwanza. Karafuu kavu nzuri hubeba mafuta tete, yaani yale ya harufu yanayoruka upesi, kiasi cha asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake. Ukiloweka gramu 25 katika nusu lita ya mafuta ya nazi na zikatoa karibu yote yaliyomo, umekwisha kuukaribia au kuupita mpaka bila kujua. Tumia gramu 10 kwa nusu lita. Ziponde kidogo tu, zitie kwenye chupa pamoja na mafuta, isimamishe chupa hiyo katika sufuria ya maji yenye joto la nyuzi 50 hadi 60 kwa saa tatu, kisha uchuje. Maji ya sufuria yasichemke, na tone lisiingie chupani.

Kuhusu ndimu, nakusihi usitumie juisi wala mafuta yaliyokamuliwa moja kwa moja kwenye ganda. Ganda la ndimu lina kemikali zinazoamshwa na jua: mtu akijipaka asubuhi akaenda shambani au baharini, jioni ngozi inakuwa imeungua, na doa jeusi linalobaki huchukua wiki au miezi kufutika. Kisheria na kitabibu huo ni mzigo wako wewe uliyemuuzia. Mafuta ya ndimu yaliyokenekwa kwa mvuke hayana tatizo hilo, kwa sababu kemikali hizo ni nzito na hazipandi na mvuke. Ganda la chungwa tamu nalo ni salama juani, nawe uko jirani na Muheza kwenye machungwa mengi. Yakaushe maganda kivulini mpaka yavunjike kama kaki, kisha uyaloweke kama nilivyoeleza kwa karafuu. Harufu yake ni nyepesi na huwahi kuruka, na mafuta ya machungwa yaliyozeeka husababisha mzio zaidi kuliko mapya, kwa hiyo tengeneza machache na uyauze mapema.

Marashi ya waridi ni maji. Hata yale mazuri yanayokenekwa na wenyeji wa Jabal Akhdar kule Oman wakati wa msimu wa mawaridi ni maji yenye harufu, na hayatachanganyika na nta yako. Yatajikusanya vitone vitone chini ya kopo, na kisa cha asumini kitajirudia. Ukitaka kuyatumia ni lazima utengeneze krimu yenye kiunganishi cha mafuta na maji pamoja na kihifadhi cha kuzuia bakteria, na hiyo ni kazi nyingine. Vitamini E haitoshi hapo, kwani huchelewesha uchachu tu, haiui bakteria. Na ukiuziwa kichupa cha «mafuta halisi ya waridi» kwa bei ya soda, ujue ni manukato ya kiwandani: kilo moja ya mafuta hayo huhitaji zaidi ya tani 3 za petali.

Kwa gramu 200, jaribu hivi: siagi ya shea gramu 90, mafuta ya nazi gramu 40, nta gramu 30, na mafuta yako ya ufuta wa asumini gramu 40. Yeyusha vitatu vya kwanza kwa mvuke wa maji mpaka nta, inayoyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 60, iishe kabisa, ondoa motoni, tia mafuta ya ufuta ukikoroga. Subiri mpaka uone weupe unaanza kufifisha kingo za sufuria lakini katikati bado kunang'aa, na hapo ndipo utie mafuta tete ukiyataka: langilangi gramu 1, karafuu gramu 0.4 na mchaichai gramu 0.4. Ukiyatia yangali ya moto sana, utalinusisha jiko harufu ambayo mteja ameilipia. Mimina kwenye makopo makavu ya kioo au bati, si ya plastiki nyembamba, kwa kuwa mafuta ya karafuu na ya machungwa hula baadhi ya plastiki.

Kabla ya kuuza, jipake mwenyewe kidogo sehemu ya ndani ya mkono asubuhi na jioni kwa siku saba, na uwaombe watu wawili watatu wafanye hivyo. Siku moja haitoshi, kwa kuwa mzio huchelewa kujitokeza. Na kwa kuwa unauza, vipodozi Tanzania Bara viko chini ya Shirika la Viwango, TBS, hivyo weka daftari la kila upishi: tarehe, uzito na chanzo cha kila kitu.

Mteja wako aliyewashwa umtafute. Kama ilikuwa ni muwasho wa wingi wa karafuu, ngozi itapona na yataishia hapo. Lakini kama mwili wake umekwisha kuikataa yujenoli, utaikataa maisha yake yote, hata kwa kiasi kidogo. Mwambie asijipake tena kitu chenye karafuu, aende hospitali kama wekundu haujaisha, na siku akienda kuziba jino amweleze daktari yaliyomkuta, kwa sababu baadhi ya dawa za kuzibia meno zimechanganywa na yujenoli hiyo hiyo.