Manukato ndani ya basi
Umeuliza kama kujipulizia manukato kabla ya kupanda basi ni kuwakera wenzako. Manukato hayana ubaya, tatizo ni kipimo. Pua huzoea harufu haraka sana. Muda mfupi tu wewe huisikii tena, unadhani imeisha, unaongeza. Aliyebanana nawe kwenye kiti ndiye anayeipata yote. Kwa hiyo usiiamini pua yako. Muulize mtu wa nyumbani, tena yule asiyekuonea haya.

Mpulizo mmoja au miwili kifuani, chini ya nguo, inatosha. Ukilowesha shati, kumbuka kitambaa hushika harufu kuliko ngozi, na kesho ukilivaa tena na kuongeza juu yake, hapo ni balaa. Jipulizie mapema kabla ya kutoka, ule ukali wa spiriti uwe umeruka. Kujipulizia humo humo ndani ya gari, madirisha yamefungwa? Hapana jamani.

Ukienda kumwona mgonjwa hospitalini, acha kabisa. Wapo wenye pumu au kipandauso ambao harufu kali huwaamshia ugonjwa.