Dada, kuhusu mwanao na ukocha wa huku

Dada, shikamoo. Sauti yako ya dakika nne nimeisikiliza mara mbili. Mwanao kamaliza kidato cha sita, kasoma mahali kwamba makocha wa basketi wa vyuo vya Marekani wanalipwa mamilioni ya dola, sasa anataka kuja kuwa mmoja wao. Halafu ukamalizia: "Na wewe miaka sita uko kwenye timu, mbona hujawa kocha mkuu?" Hapo umenigusa penyewe. Ngoja nikujibu, maana zile picha zangu za koti la timu zimewadanganya.

Mamilioni yapo. Dan Hurley, kocha wa UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut), chuo alichochezea Hasheem Thabeet wetu, anavuta zaidi ya dola milioni 5 kwa mwaka. Ila Hurley alifundisha timu ya sekondari Newark miaka tisa, akaenda Wagner, chuo kidogo, kisha Rhode Island, ndipo UConn wakamchukua 2018. Na baba yake alikuwa kocha mashuhuri, namba za simu za watu wa basketi alizikuta nyumbani.

Mimi nilianza kama wengi: msaidizi huku nasoma shahada ya pili. Chuo kinakulipia ada na posho ya kubangaiza. Kazi yenyewe ni kukata video. Basi la timu linarudi saa saba usiku, wachezaji wanaenda kulala, wewe unawasha kompyuta na kuchambua mashambulizi ya mpinzani wa Jumamosi, moja moja, ili kocha ayakute mezani asubuhi. Katikati ya hapo unaokota mataulo na kuagiza chakula cha watu ishirini, na ole wako umsahau yule asiyekula karanga.

Sasa lile ambalo sikuwaambia. Machi ya mwaka juzi tulitolewa mashindanoni, na baada ya siku mbili kocha mkuu akafukuzwa. Mkataba wake ulikuwa na miaka mbele, akaendelea kulipwa akiwa nyumbani. Sisi wasaidizi hatukuwa na mkataba wa namna hiyo. Jumatatu kadi yangu ya mlango ikagoma; nikasimama nje na mfuko wa viatu mpaka mlinzi akaja kunifungulia nikachukue vitu vyangu. Miezi mitano nilipanga mizigo ghalani, zamu ya usiku. Ile hela ya bati za Mama niliyosema imekwama benki, haikukwama benki.

Na mimi nilikuwa na green card ya bahati nasibu, yaani kibali cha kuishi na kufanya kazi huku moja kwa moja. Mwanao atakuja na viza ya mwanafunzi. Akihitimu, kwa kawaida anapewa mwaka mmoja wa kufanya kazi ya fani yake, baada ya hapo lazima apate mwajiri wa kumwombea viza nyingine. Chuo gani kitahangaika hivyo kwa mkata video?

Simkatishi tamaa. Nate Oats alikuwa mwalimu wa hesabu Romulus, karibu na Detroit, akifundisha na timu ya shule. Bobby Hurley, kaka yake Dan, alimfahamu katika kusaka wachezaji. Bobby alipopewa timu ya chuo cha Buffalo 2013 akamchukua Oats awe msaidizi. Miaka miwili baadaye Bobby akahama, Oats akaachiwa timu. Mwaka 2019 chuo cha Alabama kikamchukua awe kocha mkuu. Lakini angalia mlango ulivyofunguliwa: mtu alimjua. Hata mimi kazi ya sasa niliipata kwa simu ya mwenzangu niliyekuwa nakata naye video.

Kazi nayo imebadilika. Tangu 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa majina na sura zao zikitumika kwenye matangazo, na kuhama chuo kumekuwa rahisi. Msimu ukiisha tunashinda kwenye simu tukiwabembeleza vijana wetu wenyewe wabaki. Kocha Tony Bennett, aliyekipa chuo cha Virginia ubingwa 2019, alijiuzulu Oktoba 2024, msimu ukiwa mlangoni, akasema mazingira haya hayamfai tena.

Basi mwambie hivi. Aende Don Bosco, kwenye viwanja vya basketi, aombe kuwasaidia makocha wa watoto, bure. Kisha achukue mechi moja nzima, aandike kila shambulizi: nani kaanzisha, skrini (mchezaji kumzibia njia mlinzi wa mwenzake) imewekwa wapi, mpira umeishia kwa nani. Anitumie mimi, si wewe. Nikiona kafika robo ya nne bila kuruka kitu, ndipo tuzungumze habari ya ada.