.22 juu, marisau chini

SWALI: Nataka bunduki moja ya mitutu miwili, wa risasi na wa marisau (chembe ndogo zinazotawanyika), kwa kanga na sungura. Wa risasi uwe .22; wa marisau uwe saizi ya .410, au geji 20 iliyo kubwa zaidi? – Msomaji, Mbagala, Dar es Salaam

JIBU: Kama leseni ya silaha na kibali cha uwindaji unavyo, chukua geji 20. Risasi yake ya kawaida hubeba takriban gramu 25 za marisau; .410 ya inchi 2.5 hubeba kama 14 tu, na kanga akiwa mbali kidogo utamjeruhi bure.

Kabla ya kulipa, omba kuijaribu uwanja wa shabaha: iegemeze kwenye mfuko wa mchanga, mita 25, piga kwa mitutu yote. Nyingi za aina hii, mitutu yake miwili haigongi mahali pamoja, na kuzirekebisha ni kazi ya fundi hasa. Swichi ya kuchagua mtutu ikilegea, usiinunue. Ndege wa juu mtini mpigie marisau; risasi ya .22 ikikosa husafiri zaidi ya kilomita 1.