Injini iliyosimama ndiyo ya kuchungwa

Mdogo wangu mmoja ameajiriwa majuzi kwenye kituo cha umeme wa mafuta. Aliniuliza mbona analipwa kukaa na injini zilizonyamaza. Nami niliwahi kujiuliza hivyo, miaka yangu ya kwanza ya zamu hapa Mombasa.

Mchana nchi hutegemea zaidi mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji ya Mto Tana, upepo wa Turkana na jua. Magharibi ikiingia, taa, pasi na hita za kuogea huwashwa nyumba zote kwa wakati mmoja. Umeme wa mafuta mazito, kama ule wa kituo cha Kipevu III hapa Mombasa, chenye megawati 120, ni ghali, na gharama yake mwananchi huiona kwenye bili. Kwa hiyo injini hizi huitwa kazini mwisho. Lakini zikiitwa, zinatakiwa hapo hapo.

Siku moja tuliitwa saa kumi na mbili na nusu jioni. Mchana nilikuwa nimesoma joto la tangi, likawa sawa, nikaandika kwenye daftari nikaendelea na mengine. Kumbe vali ya mvuke unaopasha bomba la injini moja ilikuwa imefungwa tangu asubuhi. Mafuta mazito yakipoa huwa kama lami. Pampu ilisukuma, kichujio kikaziba, na tulipokifungua tulikuta uji mweusi unaonata vidoleni. Injini haikuwaka hadi saa mbili kasoro. Mitaa ilikatiwa umeme saa ambayo watu wanapika na watoto wanasoma. Jambo hilo bado linaniuma.

Basi, mdogo wangu, usiridhike na geji ya tangini. Fuata bomba kwa miguu mpaka kwenye injini. Sogeza kiganja karibu, bila kugusa, usikie joto. Kwenye pyurifaya, yaani mashine ya kusafisha mafuta, mafuta yanataka nyuzi kama 98. Yakifika kwenye injini yanapita 120, ndipo yawe mepesi ya kunyunyizwa. Maji ya kupashia injini nayo yasipoe, kwa sababu chuma baridi ukikitwisha mzigo ghafla unakiharibu.

Kabla ya kuwasha, fungua vali ndogo za silinda uizungushe injini polepole. Yakitoka maji, simama, hata kama simu inalia na mkubwa anafoka. Maji hayabanwi, yatapinda chuma cha pistoni, na hapo hamtakuwa na injini kwa miezi.

Mkijua injini italala siku nyingi, ihamisheni kwenye dizeli nyepesi kabla ya kuizima, ili mabomba yasafike.

Na usiku mzigo ukishuka, usizime papo hapo. Toa mzigo kidogo kidogo, iache izunguke bure dakika chache ipoe sawasawa, kisha washa hita za maji. Anayekupokea zamu mpeleke kwenye injini yenyewe, mkague pamoja lile bomba, ndipo aweke sahihi kwenye daftari.