Jibu: Mtoto wa mbwa aina ya German Shepherd wa wiki 5, nimchukue?

Mkuu, kama mfugaji anakuharakisha umchukue kesho akiwa na wiki 5, kataa. Mwache anyonye na kucheza na wenzake mpaka wiki 8, hapo ndipo anajifunza kutong'ata ovyo. Nenda bandani mwenyewe ukamwone mama yake, usikubali kuletewa stendi kwenye boksi. Mimi nililetewa, na kadi ya chanjo juu, kumbe haina stika ya dawa wala sahihi ya daktari. Siku ya nne akaanza kuhara damu. Pavo hiyo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa. Chanjo yake huanza wiki ya 6 hadi 8, inarudiwa mpaka wiki 16. Na tumbo likivimba kama ngoma usifurahie, mara nyingi ni minyoo, si shibe.