Je, ni dhambi kutiwa moyo na maisha ya watu?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Padre. Mimi ni mama wa Newala, kazi yangu kubangua korosho. Jioni napenda kusoma habari za watu waliomtumikia Mungu, nami napata nguvu za kuamka kesho. Jirani yangu ananisomea Yeremia 17:5, kwamba amelaaniwa amtegemeaye mwanadamu. Tena mimi mwenyewe nikifunga kitabu najiona si kitu mbele ya mashujaa wale. Nifanyeje?

JIBU: Amina, mama. Pole na moshi wa korosho.

Jirani yako kasoma vizuri, ila kaishia njiani. Mstari wenyewe unaendelea: "na moyoni mwake amemwacha BWANA." Hapo ndipo penye laana. Waebrania 13:7 inatuagiza tuwakumbuke waliotuongoza, tuuchunguze mwisho wa mwenendo wao, tuiige imani yao. Imani, mama, si suti wala sauti. (Wapo vijana siku hizi wanaiga hata kikohozi cha mhubiri!)

Hilo la kujiona si kitu ndilo lililonikaa moyoni. Nadhani habari unazosoma zimepigwa pasi mno.

Chukua ya hapa kwetu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, alitoka Zanzibar na watu waliokombolewa utumwani, wakashika njia ya Lindi, wakapanda bara kwa miguu. Walikokuwa wanaelekea ni Ziwa Nyasa, wakaishia Masasi. Wakajenga, wakalima. Mwaka 1882 Wangoni wakavamia, makazi yakaharibiwa, wengine wakachukuliwa mateka. Hebu mfikirie mtu aliyewahi kuuzwa, akakombolewa, akajenga kibanda chake, halafu anasikia tena kelele za wavamizi usiku. Baada ya hapo mmisionari Chauncy Maples alihamia Newala, huko huko kwenu. Jina la Steere tunalo, la Maples tunalo. Ya wengi wa wale wakombolewa hatunayo, na imani yao ndiyo iliyojaribiwa zaidi.

Mmoja tunayemjua ni Cecil Majaliwa, Myao, aliyeonja utumwa akiwa mtoto. Alisomeshwa Kiungani, Zanzibar, akaja kuhudumu Chitangali, huku kusini, na mwaka 1890 akapewa upadre, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile ya UMCA. Nikivaa stola, ule ukanda wa upadre, huwa namkumbuka. Simwombi kitu, namshukuru Mungu kwa ajili yake.

Kwa hiyo unaposoma, usiruke kurasa za woga na kushindwa. Tafuta mtu yule alilia wapi, alikosea wapi, nani alimshika mkono. Kitabu kisicho na kurasa hizo mimi hukirudisha kabatini.

Na usidhani mashujaa wote wamo vitabuni. Jumapili moja mama mmoja alikuja kupokea Ushirika, vidole vimeungua kwa mafuta ya maganda ya korosho, vyeusi hadi kwenye kucha. Akawa anaikunja mikono kwa aibu. Kwa mikono hiyo alikuwa amesomesha wajukuu watatu yatima. Nilimwambia aifungue. Mahubiri yangu ya siku ile nimeyasahau, mikono ile sijaisahau.

Mwalike jirani yako jioni moja, msome pamoja Waebrania 11. Mkifika mstari wa 32 mtamkuta Samsoni, pamoja na vituko vyake vyote. Kisha niandikie tena, nataka kujua jirani alisemaje.