Sabufa Yako Nzima, Mdogo Wangu

SWALI: Habari za kazi kaka, mi msomaji wenu niko Nyakato hapa Mwanza. Metallica, ile bendi ya metal ya Marekani, nawapenda toka nasoma sekondari ila ile albamu yao ya St. Anger iliniuma nikaapa sinunui tena kitu chao. Juzi rafiki yangu wa Kirumba kanipa CD ya albamu yao Death Magnetic, anasema hapa ndo wamerudi wenyewe. Nikaiweka kwenye sabufa, nyimbo kali kweli lakini sauti inakwaruza, dramu zinapasuka utadhani spika imechanika. Nimepeleka kwa fundi Makoroboi, kaifungua mara mbili anasema haina shida. Sasa tatizo nini? Na hii albamu nzuri kweli au jamaa ananipamba tu?

JIBU: Salama mdogo wangu. Fundi kakwambia ukweli na rafiki yako pia.

Fanya hivi leo jioni, weka albamu yao ya Master of Puppets ya 1986 kwenye hiyohiyo sabufa, volyumu usiiguse. Utaona inalia safi, ila utaisikia iko chini kidogo, na hapo ndo penye siri yenyewe. Death Magnetic ilitoka Septemba 2008, kipindi ambacho maprodyuza walikuwa wanashindana nani CD yake ipige kelele zaidi, basi sauti ikabanwa na kusukumwa juu mpaka ikagonga dari. We unalijua ziwa siku ya upepo, wimbi linapanda linashuka, sasa chukulia mawimbi yote yamekatwa vichwa yakawa bapa, ndo walichofanyiwa Metallica, na kila pale palipokatwa we unasikia mkwaruzo. Aliyeimasta, yaani aliyeiweka sawa sauti mwishoni kabla ya CD kutoka, Ted Jensen, alisema mwenyewe kwamba kazi ilimfikia ikiwa imeshabanwa. Mashabiki walikuja kuhakikisha kwenye gemu la Guitar Hero, nyimbo zilezile zilikuwa zinasikika safi kuliko za kwenye CD! Inauma sana, kazi nzuri vile kuharibiwa mwishoni.

Kwa hiyo sabufa mpya usinunue, mkwaruzo umo ndani ya CD yenyewe. Punguza besi kidogo na volyumu, masikio yatachoka kidogo tu.

Tuje kwenye uzuri wake sasa. St. Anger ya 2003 tuliumia wengi, mpiga dramu wao Lars Ulrich alilegeza zile waya za chini ya snea, ile dramu ya mlio mkali, ikawa inalia kama sufuria tupu, halafu Kirk Hammett, mpiga gitaa tuliyemzoea kwa solo, hakupiga solo hata moja albamu nzima! Mpiga gitaa la besi Jason Newsted alishaondoka 2001 kwa hiyo besi kapiga prodyuza wao Bob Rock, na mwimbaji James Hetfield alikuwa ndo katoka kutibiwa ulevi, yaani walikuwa watu waliochoka na ukiisikiliza unawaonea huruma.

Death Magnetic wakabadilisha prodyuza, wakamchukua Rick Rubin, yuleyule aliyesimamia albamu ya Reign in Blood ya bendi ya Slayer, naye akawarudisha kwenye fikra za miaka ya themanini. Solo zikarudi, snea ikarudi kuwa snea, gitaa nyingi zikarudi kwenye tyuni ya kawaida badala ya ile ya chini sana, na Robert Trujillo akapiga besi kwenye albamu yao kwa mara ya kwanza. Nyimbo 10, karibu dakika 75. Mi naona nyingine wangezikata, kuna mahali rifu, yaani kile kipande cha gitaa, inarudiwa mpaka unatamani waende mbele, ila pale zinapokaa sawa, bana, ni Metallica wale wa zamani kabisa.

Usianzie wimbo wa kwanza. Anzia The Day That Never Comes, unaanza taratibu, gitaa tupu, sauti ya James imetulia, ukifika nusu unaanza kukimbia na gitaa mbili zinafukuzana mpaka mwisho. Sikiliza na huyo rafiki yako wa Kirumba, halafu mrudishie CD yake ukanunue ya kwako.